TAA KALI SI LAZIMA IWE TAA NJEMA



Katika miezi hii swali moja limeletwa kwetu mara nyingi kuliko yote mengine yasiyokuwa ya mshahara. Linaletwa na madereva wa malori ya masafa, madereva wa mabasi ya usiku, na hata wenye matatu za mjini. Wanauliza: Je, ni vizuri kuondoa balbu za haloji zilizokuja na gari na kutia balbu kali zaidi? Wengine hawaulizi tena, wamekwisha kutia. Sasa wanataka kujua kwa nini waya zinanuka moshi, au kwa nini mwenye gari amewakata mshahara.

Tumeona ni haki kulijibu swali hili hapa mbele ya wote, maana si swali la fundi peke yake. Ni swali la usalama wa kazi, na ni swali la nani alipe.

Kwanza tuseme wazi kwamba anayelalamikia giza hasemi uongo. Mwendo wa usiku kutoka Mariakani mpaka Mtito Andei hauna taa za barabarani ila kwenye vituo. Huko Tsavo ndovu akivuka hana kiakisi mgongoni. Kwenye ukungu wa Limuru na Kinungi dereva hutafuta mstari mweupe kama mtu aliyepoteza sindano. Mtu anayefanya kazi namna hii ana haki ya kuona. Hatutamwambia mwanachama yeyote anyamaze na kuvumilia taa hafifu. Tunalosema ni kwamba ajue kwanza ugonjwa wa taa yake kabla ya kununua dawa.

BALBU YA HALOJI NI NINI

Balbu ya haloji ilianza kutiwa katika magari ya Ulaya mwaka 1962. Balbu ya H4, yenye nyuzi mbili ndani, moja ya dimu na moja ya fulu, ilitokea mwaka 1971, na mpaka leo imo katika pikapu, matatu na malori mengi ya nchi hii. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa tangasteni unaowaka, na hewa yenye chembe za haloji ambazo hurudisha kwenye uzi ule tangasteni inayotoka kwa joto. Ndiyo sababu balbu hii haifanyi weusi upesi kama zile za zamani.

H4 ya volti 12 hutumia wati 60 kwa fulu na wati 55 kwa dimu. Ya lori la volti 24 hutumia wati 75 na 70. Hesabu hizi hazikuandikwa ovyo. Waya, swichi, fyuzi, na lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, vyote vilipimwa kwa ajili ya wati hizo, na kwa uzi unaokaa mahali pale pale bila kusogea hata kidogo.

Neno hili la mahali pa uzi ndilo wengi hawaambiwi dukani. Balbu hutoa nuru tu. Linaloituma nuru hiyo barabarani ni bakuli pamoja na kioo. Bakuli limechongwa likijua kwamba uzi uko hapa, una urefu huu, na nuru yake inatoka upande huu. Ukibadilisha kitu kinachowaka, nuru inaweza kuwa nyingi zaidi na bado isifike mahali unapoitaka. Itapanda juu kwenye miti na kwenye macho ya watu.

AINA NNE ZINAZOUZWA

Mwanachama akienda kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road ataonyeshwa mambo manne, na yafaa ayajue moja moja.

La kwanza ni balbu ya haloji yenye wati zile zile, lakini imeandikwa kwamba inatoa nuru zaidi kwa asilimia 100 au 150. Hii ikiwa ya kweli si mbaya, maana uzi wake umesokotwa vizuri zaidi na umewekwa kwa uangalifu. Lakini ile asilimia 150 si ya nuru yote, ni ya sehemu moja tu ya barabara iliyochaguliwa na mtengenezaji. Tena, uzi unaowaka kwa ukali zaidi hufa mapema. Tufanye hesabu: balbu ikidumu saa 200, dereva anayeendesha saa 8 kila usiku ataimaliza kwa siku 25. Kwa mtu wa gari la nyumbani hilo si neno. Kwa dereva wa masafa ni balbu ya kila mwezi.

La pili ni balbu iliyopakwa rangi ya buluu ili ionekane nyeupe. Rangi ile huzuia sehemu ya nuru isitoke. Macho hudanganyika kwa sababu ya weupe, lakini barabara haipati kitu zaidi, na kwenye mvua haisaidii.

La tatu ni balbu ya wati kubwa, kama 100 kwa 90. Hapa, ndugu zetu, ndipo penye moto wenyewe. Balbu mbili za wati 55 katika volti 12 huvuta umeme wa ampea 9 na kidogo. Mbili za wati 90 huvuta ampea 15. Lakini joto ndani ya waya halipandi kwa kiasi hicho hicho, hupanda zaidi: waya ile ile itapata joto zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la kwanza. Plastiki ya nyuma ya balbu huanza kuyeyuka, bakuli huungua na kupoteza mng'ao, na swichi hufa. Kisha fyuzi hukatika, na hapo hutokea fundi mwenye haraka anayefunga waya mahali pa fyuzi ili gari liondoke. Fyuzi ni askari wa gari. Ukimwondoa kwa sababu anapiga kelele, umewaachia wezi mlango wazi. Gari likiungua njiani, hakuna atakayemuuliza yule fundi. Ataulizwa dereva.

La nne ni balbu za zenoni na za LED zinazopachikwa katika taa iliyotengenezwa kwa haloji. Zenoni haina uzi, ina cheche inayoruka kati ya ncha mbili, nayo huhitaji maelfu mengi ya volti ili kuwaka. Nuru yake ni kama lumeni 3200, na H7 ya haloji ni kama 1500. Kwa hivyo kanuni za Umoja wa Mataifa za magari zinataka taa inayozidi lumeni 2000 iwe na kifaa cha kuosha kioo na kifaa cha kujishusha yenyewe gari likiinama nyuma. Yule anayenunua zenoni ya sandukuni na kuipachika katika pikapu kuukuu hapati vifaa hivyo. Anapata mwanga wa kutawanyika tu.

Za LED ni afadhali kidogo katika matumizi ya umeme, lakini vidonge vyake vya nuru vimebandikwa pande mbili za kibati, havikuzunguka kama uzi. Nyingine zimeigwa vizuri, nyingi zimeigwa vibaya. Ujerumani ilikubali balbu za LED za kubadilisha haloji kuanzia mwaka 2020, lakini kwa balbu zilizopimwa tu, na kwa aina za magari zilizotajwa katika orodha. Walipima balbu na taa pamoja. Ile inayouzwa kando ya barabara kwa maneno matamu haikupimwa na mtu pamoja na taa ya lori lako.

UGONJWA HASA UKO WAPI

Mara nyingi taa hafifu haina kosa la balbu. Ina kosa la kutotunzwa. Tunawaomba mafundi wetu wa umeme, ambao nao ni wanachama, wapime mambo haya kabla ya kumshauri mtu anunue kitu.

Kwanza, umeme unaofika. Gari likinguruma na taa zikiwaka, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye mkia wa balbu yenyewe. Ikiwa imepotea zaidi ya nusu volti, kosa liko katika waya, swichi au mahali pa kufungia waya wa bodi. Taa ni kitu chepesi kuumia: ukipoteza volti 1 kati ya 13, nuru hupungua karibu robo. Dawa yake ni kusafisha kutu, na kutia rilei mbili pamoja na waya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri. Hapo swichi ya usukani huamuru tu, haibebi mzigo. Wapo madereva waliofanyiwa kazi hii, wakabaki na balbu zao za wati 55, na wakadhani wametiwa taa mpya.

Pili, kioo. Magari mengi yanayofika hapa yametumika ng'ambo miaka kadhaa, na kioo chake cha mbele si kioo bali ni plastiki ngumu. Jua letu huifanya manjano na yenye ukungu. Msasa laini wa maji, wa 800, kisha 1500, kisha 2000, na dawa ya kung'arisha, halafu mafuta ya kuikinga na jua, vitarudisha nuru ambayo hakuna balbu ingeirudisha.

Tatu, bakuli. Likiwa limechubuka au limepoteza mng'ao wa fedha, hapo hakuna dawa ila taa nyingine.

Nne, kipimo cha kuelekea. Simamisha gari mahali sawa, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wa kawaida. Mstari wa juu wa dimu uwe chini ya urefu wa taa kwa sentimita 10 hivi. Pikapu iliyopakiwa magunia nyuma hunyanyua pua, na dimu yake inakuwa fulu bila dereva kujua. Gari lenye kile kigurudumu kidogo cha kushusha taa, dereva akitumie. Watengenezaji hawakukiweka kwa urembo.

Tena, balbu mpya isishikwe kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hubaki juu ya kioo chake, hupata joto, na balbu hupasuka kabla ya siku zake.

ANAYEPOFUSHWA NI NANI

Sasa tuseme na nafsi zetu wenyewe. Dereva mmoja hutia taa kali kwa sababu yule aliyepishana naye jana alikuwa na taa kali. Kesho wa tatu atatia kwa sababu ya wa pili. Mwisho wake wote wana taa kali na wote hawaoni, na pesa za wote zimekwenda kwa mwenye duka. Jambo hili tunalijua kwa sura nyingine. Ndilo lile la mtu mmoja kukubali kazi kwa bei ya chini, wengine wakalazimika kumfuata. Kila mmoja amejifanyia lake, na wote wameumia. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Huyo unayempofusha usiku si adui. Ni dereva mwenzako anayetoka Malaba kama wewe unavyokwenda. Ni mfanya kazi wa shamba la maua anayetembea ukingoni mwa barabara ya Naivasha. Ni kijana wa bodaboda mwenye abiria. Jicho likipigwa na nuru kali halirudi kuona giza papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Sekunde 3 za upofu ni mita 66 zilizoendeshwa na mtu ambaye kwa wakati huo ni kipofu. Na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo macho yake yanavyochelewa kurudi, nasi tunao madereva wazee wengi wenye kutegemewa na jamaa kubwa.

Tena tusidanganyane kuhusu mwendo. Dimu nzuri ya haloji humwonyesha mtu aliyevaa nguo nyeusi kwa kama mita 50 hivi. Kwa kilomita 80, hata barabara ikiwa kavu na breki zikiwa njema, gari halisimami kwa mita 50. Kilomita 80 ndiyo mwisho wa sheria kwa mabasi na malori, haikuwekwa iwe kipimo cha kila usiku. Mwajiri anayepanga safari ambayo haiwezi kumalizika ila kwa kukimbia gizani, huyo hataokolewa na balbu ya namna yoyote. Hilo ni neno la saa za kazi, nasi tutalisema mezani kwa jina lake.

NANI ALIPE

Hapa ndipo tunapotaka kila mwanachama asome mara mbili.

Tumepata malalamiko ya madereva walioambiwa na wenye magari kwamba balbu ni mzigo wa dereva. Mwenzetu mmoja alinunua balbu za wati 100 kwa pesa yake mwenyewe, kwa kuwa zile za gari zilikuwa hazionyeshi kitu na mwajiri alikataa kutoa nyingine. Waya zikaungua. Mwajiri akakata gharama ya waya katika mshahara wake kwa miezi miwili. Yaani alilipia balbu, kisha akalipia hasara ya balbu, na gari si lake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imetaja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya. Kuhusu mali iliyoharibika, inaruhusu kiasi cha haki pale ambapo mfanya kazi ameharibu kwa kusudi. Balbu iliyokufa kwa kuwaka haikuharibiwa kwa kusudi. Waya iliyooza kwa miaka kumi haikuharibiwa kwa kusudi. Lakini, ndugu, mtu aliyebadilisha balbu bila ruhusa na kutia isiyofaa, amempa mwajiri fimbo ya kumpigia. Kwa hivyo usinunue, usibadilishe. Andika.

Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri aweke vyombo vya kazi katika hali ya usalama. Inamtaka pia mfanya kazi aitoe habari ya hatari kubwa kwa msimamizi wake, na msimamizi asimrudishe kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Lori linalotumwa Busia saa mbili usiku na taa moja ni chombo cha kazi chenye hatari. Haihitaji wakili kulijua hilo.

Wako watakaosema kwamba ukikataa safari utapoteza posho. Tunajua. Tunakumbuka serikali iliposimamisha safari za usiku za mabasi tarehe 31 Desemba 2017, baada ya ajali ya Migaa, mpaka amri ile ilipoondolewa Januari 2018. Hatusemi kwamba taa ndizo zilizoleta msiba ule. Tunasema kwamba usiku ukiharibika, mkate wetu ndio unaokatwa kwanza. Kwa hivyo ni sisi tunaopaswa kuwa wa kwanza kuutengeneza.

TUNAYOTAKA

Kwa waajiri, tunataka mambo manne yatiwe katika mapatano ya pamoja yatakapofunguliwa tena:

1. Balbu, waya na kazi yote ya taa ni gharama ya mwenye gari, na hakuna senti ya hiyo itakayokatwa katika mshahara.

2. Taa za kila gari la usiku zipimwe ukutani mara moja kwa mwezi, na jambo hilo liandikwe katika kitabu cha gari.

3. Mafundi wapewe mita ya kupimia umeme, rilei na waya unaofaa, wasiambiwe kufunga kwa vipande vya waya waliookota.

4. Gari lenye taa mbovu lisitoke usiku, na dereva aliyeliandika asihesabiwe kuwa amegoma.

Na kwetu sisi wenyewe, tunataka haya. Dereva aandike kosa la taa katika kitabu na abaki na nakala, au apige picha ya ukurasa kwa simu yake. Taniboi afute vioo vya taa kila kituo, kitambaa na maji havina gharama. Kila mmoja ashushe fulu mapema anapomwona mwenzake, hata kama yule hakushusha. Fundi akatae kufunga waya mahali pa fyuzi, na akilazimishwa alete jina la gari kwa mwakilishi wake kazini. Aliyekwisha kutia balbu za wati kubwa, aziondoe wiki hii kabla waya haijamtoa yeye kazini.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Dereva mmoja akiomba balbu, huitwa msumbufu. Madereva arobaini wakiandika kosa moja katika vitabu arobaini, na nakala zikafika katika ofisi ya chama, hilo si ombi tena, ni hesabu iliyowekwa mezani. Leteni nakala hizo kwa wawakilishi wenu kabla ya mkutano wa matawi, nasi tutaingia nazo ndani.

Mwendo mwema, ndugu, na mfike salama.